Vumbi la Nani? Makundi Machanga ya Nyota Yakitazamwa kutoka Masisi na Walikale

Ziwa la lava la Nyiragongo lilipokuwa limejaa, watu wa Sake na wa vilima vya Mushaki, katika Masisi ya mashariki mwa Kongo, walizoea kuona anga ya mashariki ikiwa nyekundu usiku. Moto wenyewe hawakuuona. Lava ilikuwa ndani kabisa ya kreta, mamia ya mita kutoka ukingoni, juu ya mlima wa mita 3,470. Walichokiona ni moshi na mvuke wa volkeno ukiangaziwa kutoka chini. Mlima ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na lava ikateremka hadi viungani mwa Goma, ziwa lile lilimwagika na wekundu ule ukazimika kwa muda. Mlima uliendelea kufuka, ila taa ya kuuangazia moshi haikuwapo tena.

Angani yapo mawingu makubwa yanayoonekana kwa namna hiyohiyo. Ni mawingu ya vumbi lisilo na mwanga wake, na tusingejua kuwa yapo kama pasingekuwa na nyota changa ndani yake au kando yake. Wataalamu wa anga huyaita nebula za kuakisi. Yanatofautiana na moshi wa Nyiragongo kwa rangi. Moshi ule ni mwekundu kwa kuwa lava ni nyekundu. Nebula hizi ni za buluu, kwanza kwa sababu nyota zinazoziangazia ni za moto mkali na mwanga wake una buluu tangu mwanzo, kisha kwa sababu chembe za vumbi ni ndogo mno, nyingi zikiwa na upana wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita au chini yake, na chembe za udogo huo hutawanya buluu kuliko zinavyotawanya nyekundu. Wekundu unapenya moja kwa moja na kuendelea na safari, ndiyo maana nyota iliyo nyuma ya vumbi huonekana nyekundu kuliko ilivyo.

Kwa muda mrefu vumbi hilo lilihesabiwa kuwa kero, kitu kinachoziba njia ya mwanga. Nadhani swali lenye uzito ni jingine: vumbi linalolizunguka kundi la nyota ni la nani? Ni mabaki ya wingu lililolizaa kundi hilo, au ni wingu la mwingine ambalo nyota zinapita tu? Jibu lake ndilo linalotuambia umri wa kundi, limezaliwa vipi, na limechukua muda gani kutoka gizani. Ndani ya galaksi yetu swali hili limetupoteza njia zaidi ya mara moja. Galaksi za jirani ndizo zilizolifungua.

Mfano wa kwanza ni Kilimia, zile nyota zilizosongamana ambazo wakulima wa pwani walizitumia kama kalenda ya kulima. Mwezi Desemba 1912, Vesto Slipher wa kituo cha Lowell, Arizona, aliuchambua mwanga wa ukungu hafifu unaoizunguka Merope, mojawapo ya nyota za Kilimia. Alitarajia kuona mistari ya gesi inayong'aa. Alichokipata ni spektra ileile ya nyota yenyewe, mistari yake myeusi ikiwa mahali pake pale pale. Akahitimisha kuwa ukungu ule hauna nuru yake, unarudisha tu mwanga wa nyota. Mwaka 1922 Edwin Hubble akaongeza jambo kubwa. Nyota yenye moto uliozidi kiwango fulani huvunja atomi za haidrojeni zilizo jirani na kuifanya gesi iwake yenyewe kwa wekundu. Nyota iliyo chini ya kiwango hicho inaweza tu kuliangazia vumbi. Kwa hiyo rangi na mistari ya nebula hutuambia ni nyota ya aina gani inayoishi humo. Miaka 8 baadaye, 1930, Robert Trumpler alipima makundi mengi ya nyota na kuonyesha kwamba vumbi limeenea katika galaksi nzima, na kwamba umbali mwingi uliokuwa ukikadiriwa ulikuwa umezidishwa kwa sababu ya vumbi hilo.

Kila aliyeitazama picha ya Kilimia alisadiki kuwa ule ukungu wa buluu ni masalia ya kuzaliwa kwake. Picha yenyewe inakushawishi hivyo: nyota angavu zimefunikwa na nyuzi za buluu mithili ya mtoto aliye bado ndani ya nepi. Lakini Kilimia ina umri wa zaidi ya miaka milioni 100, na wingu lile halisafiri pamoja nayo. Vipimo vya mwendo vilionyesha kuwa nyota zinaenda upande mmoja na vumbi upande mwingine. Vimekutana njiani. Kilimia iko umbali wa takriban miaka ya nuru 440 tu, na hata kwa ukaribu huo tulilipa kundi vumbi lisilo lake.

Hapo ndipo nafasi ya Masisi na jirani yake Walikale inapokuwa na maana, kwa jambo ambalo wakazi wake hawakulichagua. Miji yote miwili, Masisi-centre na Walikale-centre, iko kwenye nyuzi kama 1.4 kusini mwa Ikweta. Mtu aliyesimama hapo huziona mbingu zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, katika usiku mmoja. Kilimia hupita juu upande wa kaskazini. Nebula ya M78, iliyo katika kundinyota la Jabari, hupita karibu kabisa na utosi. M78 iligunduliwa na Pierre Méchain mwaka 1780, na hiyo ni nebula ya kuakisi iliyo halali: nyota zake ni changa kwelikweli, na vumbi ni la wingu lililozizaa. Mei 2024 darubini ya anga ya Euclid ilitoa picha yake iliyoonyesha nyota nyingi zilizokuwa zimefichwa ndani ya vumbi. Kisha upande wa kusini, chini, yapo Mawingu ya Magellan, Wingu Kubwa na Wingu Dogo, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu, ambazo mtu wa Ulaya hazioni kamwe.

Wakati mzuri wa kuliona Wingu Kubwa kutoka huko ni mwisho wa Januari na Februari, mvua zinapopungua kidogo. Mnamo saa 3 usiku, simama kwenye tuta lisilo na mlima mbele yako, labda malisho ya juu ya Mushaki kuliko msitu wa Walikale ambako miti hufunga upeo. Itafute Suheli, nyota ya pili kwa ung'avu katika anga yote, ambayo manahodha wa pwani waliijua vizuri. Shuka kutoka hapo kuelekea kusini, kidogo mkono wa kulia, mpaka nyuzi kama 21 juu ya upeo. Utaona doa la mwanga hafifu, kama kipande cha Njia Nyeupe kilichokatika. Mwanga huo uliondoka huko miaka kama 160,000 iliyopita. Ukiwa na darubini ya mikono utaona kwamba doa lenyewe lina nukta moja iliyo angavu zaidi. Hiyo ni Nebula ya Tarantula, kitovu cha uzazi wa nyota kilicho kikubwa kuliko chochote tukijuacho katika galaksi za karibu yetu.

Kupanda mbinguni si wazo geni Walikale. Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa huchukuliwa na Nkuba, radi, akakaa huko juu akikutana na Mvua, Mwezi, Jua na Nyota. Taifa lenye simulizi ya namna hiyo lina haki ya kuambiwa nyota ni nini kwa lugha yake.

Na giza la kutazamia lipo. Watu hujenga vituo kwenye majangwa ya Chile wakitafuta giza ambalo Masisi inalo kwa kuwa umeme haujafika vijiji vingi. Kinachokosekana ni usalama. Kundi la waasi la M23 liliiteka Rubaya Aprili 2024, likaingia Masisi-centre Januari 2025 na Walikale-centre Machi 2025, na katika vita hivyo maelfu kwa maelfu wamehama makwao. Kijana wa huko hawezi kushauriwa aende peke yake kilimani saa 3 usiku. Inaniuma kuandika hivyo, kwa sababu mbingu ile ni ya kwake kuliko ilivyo ya mtu yeyote anayesoma habari zake akiwa mbali.

Turudi kwenye swali. Kwa nini tuende mpaka galaksi nyingine ilhali M78 iko utosini? Sababu ya kwanza ni kwamba sisi wenyewe tumo ndani ya vumbi. Jua liko ndani ya sahani ya Njia Nyeupe, na kila tunapoangalia kundi changa tunaangalia kupitia mawingu yasiyohesabika yaliyo mbele yake na nyuma yake, bila uhakika wa umbali wa kila moja. Galaksi ya jirani tunaiona kutoka nje. Nyota zake zote ziko karibu umbali mmoja nasi, kwa hiyo makundi yanaweza kupangwa kwa umri, machanga hadi makongwe, na kulinganishwa bila kubahatisha. Sababu ya pili ni kwamba Mawingu ya Magellan yana uhaba wa elementi nzito. Wingu Kubwa lina karibu nusu ya kiwango cha Jua, Wingu Dogo karibu moja ya tano. Vumbi hutengenezwa na elementi hizo: silikoni, kaboni, chuma, oksijeni. Palipo na uhaba wake vumbi huwa haba, na hapo tunaona ulimwengu ulivyokuwa zamani kabla nyota nyingi hazijaishi na kufa.

Afrika ina sehemu yake katika kazi hii. Kati ya 1948 na 1951 Karl Henize alipiga picha za Mawingu hayo akiwa Bloemfontein, Afrika Kusini, na orodha yake ya nebula iliyochapishwa mwaka 1956 bado inatumika. N66 inayotajwa kila mara kwenye makala za kisayansi ni namba yake. Tangu mwaka 2000 darubini ya infraredi ya Chuo Kikuu cha Nagoya iliyowekwa Sutherland, pia Afrika Kusini, imeyachora Mawingu yote mawili kwa mwanga unaopenya vumbi.

Lakini kuna kikwazo. Kundi changa lenye nyota kubwa huwasha gesi yake kwa nguvu kiasi kwamba mwanga ulioakisiwa na vumbi humezwa. Kundi la R136, katikati ya Tarantula, lina umri wa miaka milioni 1 hadi 2, na nyota yake R136a1 inakadiriwa kuwa na uzito wa karibu mara 200 ya Jua. Kulitafuta vumbi linaloakisi pembeni ya moto kama huo si kazi ya jicho. Wataalamu hutumia njia tatu. Huigawanya spektra, wakatenganisha mistari ya gesi na mwanga mtulivu usio na mistari, ambao sehemu yake kubwa ni wa nyota uliotawanywa na vumbi. Hupima jinsi mawimbi ya mwanga yalivyoelekea upande mmoja, kwa kuwa mwanga uliogonga vumbi huwa na mwelekeo na ule utokao moja kwa moja kwenye nyota kwa kawaida hauna. Na hutumia infraredi, ambayo hulionyesha vumbi lenyewe likitoa joto, liwe limeangaziwa au limejificha. Njia ya pili ndiyo iliyoonyesha kwamba ukungu unaotoka juu na chini ya galaksi ya M82, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, una mwanga mwingi ulioakisiwa. Galaksi nzima, kwa maneno mengine, imejizungushia nebula ya kuakisi, ikiangaziwa na makundi machanga yaliyo katikati yake.

Darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ndiyo iliyobadilisha kasi ya kazi hii. Mradi wa PHANGS ulitoa Januari 2024 picha za galaksi 19 za ond. Katika NGC 628 vumbi linaonekana kama wavu wenye matundu, na ndani ya matundu mengi kuna kundi changa lililolifukuza vumbi hilo. Ukipanga makundi kwa umri unapata mfuatano wenyewe: kundi lililozikwa, kundi lililochungulia, kundi lililobaki wazi na kuzungukwa na ukuta wa vumbi lililosukumwa mbali. Safari hiyo yote mara nyingi huchukua miaka isiyozidi milioni 5. Katika M83 na galaksi nyingine imeonekana kwamba usafishaji huanza kabla nyota ya kwanza ya kundi haijalipuka. Upepo wa nyota na msukumo wa mwanga wao vinatosha kulitimua vumbi. Kwangu huo ndio ugunduzi mzito kuliko wote niliotaja, kwa kuwa vitabu vingi viliupa mlipuko wa supernova kazi hiyo.

Sasa irudie Kilimia ukiwa na saa hiyo mkononi. Vumbi la kuzaliwa huondoka ndani ya miaka milioni chache, na Kilimia ina zaidi ya milioni 100. Hata bila kupima mwendo wa wingu, umri pekee ungetosha kututia shaka kwamba vumbi lile si lake. Kundi lolote lililo na ukungu wa buluu baada ya umri huo linapaswa kuulizwa limeupata wapi.

Wingu Dogo lina mkanganyiko wake. Kundi la NGC 346, lililo ndani ya N66 na lenye umri wa takriban miaka milioni 3, lilitazamwa na Webb, na Januari 2023 ikatangazwa kwamba hata nyota zake ndogo zina vumbi linalozizunguka, mahali ambapo wengi walidhani vumbi ni haba mno kufanya hivyo. Desemba 2024 Guido De Marchi na wenzake wakathibitisha kwamba nyota nyingine za hapo, zenye miaka milioni 20 hadi 30, bado zina sahani za gesi na vumbi. Ina maana saa ya vumbi haiendi sawa kila mahali. Wingu kubwa la kundi linaweza kutimuliwa mapema huku sahani ndogo ya kila nyota ikidumu, na pengine inadumu zaidi pale ambapo elementi nzito ni chache.

Elementi hizo nzito zinatufikisha Rubaya, huko Masisi. Mawe ya pegmatiti ya huko, yaliyoanza kuganda miaka kama bilioni 1 iliyopita, yameoza yakawa udongo mweupe unaochimbika kwa sepetu. Wachimbaji huuosha kwenye mifereji, udongo mweupe ukachukuliwa na maji, na chini zikabaki chembe nyeusi zilizo nzito kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Ndiyo koltani, madini yanayotoa tantali. Umoja wa Mataifa umekadiria kuwa Rubaya hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali yote ya dunia. Walikale, huko Bisie, kuna kasiteriti, jiwe la bati. Mgodi wa kampuni ya Alphamin ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019 na umekuwa ukitoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia. Kabla yake wabeba mizigo walitembea msituni na magunia mgongoni, na ndege ndogo zilitua juu ya lami huko Kilambo, barabara ikafungwa kwa dakika chache, mzigo ukapakiwa kwenda Goma.

Bati na tantali vilitoka wapi? Mwaka 1952 Paul Merrill aliona mistari ya teknesi katika nyota jitu jekundu. Teknesi huoza ndani ya miaka milioni chache, kwa hiyo haikuwa ya urithi. Nyota ile ilikuwa ikiitengeneza. Sehemu kubwa ya bati hutengenezwa hivyo, nyutroni moja baada ya nyingine, ndani ya nyota zilizozeeka na kuvimba. Tantali hutoka kwa kiasi humo, na kwa kiasi katika matukio ya ghafla yanayomwaga nyutroni nyingi kwa mpigo. Nyota hizohizo zilizovimba ndizo zinazopuliza moshi unaokuwa vumbi la galaksi. Tantali huganda ikiwa bado na joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, hivyo huingia kwenye chembe mapema. Bati huchelewa hadi chini ya nyuzi 500. Kimondo cha Murchison, kilichoanguka Australia Septemba 1969, kina chembe za vumbi la namna hiyo zilizo kongwe kuliko Jua, nyingine zikikadiriwa kuwa na miaka kati ya bilioni 5 na 7. Sioni sababu ya mwanafunzi wa sekondari ya Ngungu au Ndjingala, anayeyajua madini haya kwa uzito na kwa bei ya kilo, asifundishwe pia kwamba yamepitia vumbi lilelile linaloonekana likiakisi mwanga katika M78.

Kuna hesabu moja ambayo bado haijafungwa. Mikako Matsuura na wenzake walipojumlisha, mwaka 2009, vumbi linalotolewa na nyota zinazozeeka katika Wingu Kubwa, lilikuwa pungufu ya vumbi lililopo. Supernova ya Februari 1987 katika Wingu hilohilo ilitoa nafasi ya kupima chanzo kingine, na mwaka 2011 darubini ya Herschel ilipata ndani ya mabaki yake vumbi baridi lenye uzito wa karibu nusu ya Jua, kiasi ambacho wachache walikitegemea. Kikibaki, pengo linaweza kuzibika. Kisipobaki, itabidi tukubali kwamba chembe hukulia ndani ya mawingu baridi yenyewe, zikijivika tabaka la elementi zilizokuwa gesi, na hapo vumbi linalolifunika kundi changa litakuwa limetengenezwa kwa sehemu kubwa papo hapo, katika wingu lililolizaa kundi hilo. Wimbi la mshtuko linalorudi ndani ya mabaki ya 1987 bado halijalipitia vumbi hilo lote, na ndilo litakaloamua kiasi gani kitasalia.